Vumbi Jeupe Kwenye Kitambaa Cheusi

Kila asubuhi mshonaji alianza kazi kwa namna ileile. Alifuta meza. Alitia tone la mafuta kwenye cherehani. Alijifunga kifuko cha pini mkononi. Kisha aliketi, akaweka mguu kwenye pedali, na nyumba nzima ikajua kumekucha.

Mkono wake ulikuwa mwepesi. Watu walimletea suruali zinazoburuta na makoti yanayobana, wakaondoka na nguo zilizowakaa kama walizaliwa nazo. Shida yake ilikuwa moja tu, mwanga. Alifanyia kazi sebuleni, na sebule ilikuwa na kidirisha kidogo kilichotazama ukuta wa jirani. Jua lote la asubuhi liliingia jikoni, upande wa pili wa ukuta, likaangaza sufuria.

"Jua linaangazia masufuria, mimi natunga sindano kwa kupapasa," alimwambia mumewe.

Mumewe alikuwa dereva wa lori. Alikuwa mtu wa safari ndefu, na akirudi nyumbani hakupenda kumsikia mkewe akinung'unika. "Tuuvunje huo ukuta," alisema. "Sebule na jiko viwe kitu kimoja. Siku hizi ndivyo watu wanavyokaa."

Jengo lao lilikuwa na nyumba tatu, moja juu ya nyingine. Wao walikaa ya chini. Katikati aliishi muuguzi na binti zake wawili. Juu kabisa waliishi mzee na mkewe, ambao hawakushuka mara kwa mara kwa sababu ya magoti. Nyumba ya chini ilikuwa imenunuliwa na baba yake dereva, na baba huyo alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mjane wake, mama mkwe wa mshonaji, aliishi nao. Watoto wa mshonaji walisoma shule ya bweni, kwa hiyo siku nyingi wanawake hao wawili walikuwa peke yao, mmoja anashona, mwingine anatazama mlango.

Tangu mazishi, mama mkwe hakuwa na hamu ya kitu. Alikula kama ndege. Hakulia. Alikaa tu karibu na kiti cha marehemu.

Dereva alimwita fundi mmoja wa mtaani. Watu walimwita Haraka, kwa sababu hakuna kazi aliyoikawiza. Haraka aliugonga ukuta kwa ngumi, akatega sikio.

"Huu ni wa kugawa vyumba tu," alisema. "Kesho mtasahau kama uliwahi kuwapo."

Haikuwa rahisi hivyo. Tindo lilidunda. Ukuta ulikuwa mnene kuliko kuta nyingine za nyumba, na matofali yake yalikuwa yamejaa, hayana matundu. Haraka alitoka jasho mpaka akabadilisha shati. "Hawa walijenga ngome," alisema kutoka ndani ya vumbi, na wote wakacheka. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu ajenge ngome kati ya sebule na jiko. Hakuna aliyepanda ngazi kuwauliza walio juu. Hakuna aliyekwenda ofisi ya serikali ya mtaa kuomba kibali.

Siku ya pili ukuta ulikuwa umekwisha. Jua likamwagika mpaka kwenye cherehani. Mshonaji alisogeza meza hadi pale ukuta uliposimama, akatunga sindano mara moja, bila kupapasa, akatabasamu peke yake.

Furaha hiyo ilikaa majuma machache.

Asubuhi moja alikuta mstari mweupe juu ya kazi yake. Jioni iliyopita alikuwa ameacha koti jeusi limetandazwa mezani. Sasa mstari mwembamba wa unga ulipita katikati ya koti, umenyooka, kama mtu amepima kwa rula akachora kwa chaki.

"Mama, umechukua chaki yangu?" aliuliza.

"Chaki ya nini? Sijagusa kitu," mama mkwe alijibu.

Mshonaji alipuliza unga, akaendelea. Kesho yake mstari ulikuwa palepale. Akasogeza koti upande wa pili wa meza. Mstari haukulifuata. Ulibaki juu ya meza tupu, mahali palepale, pale ambapo zamani ukuta ulisimama.

Alifuta meza mara mbili.

Kisha zikaja sauti. Zilikuja jua linapoanza kupoa, watu wakirudi makazini. Mara ya kwanza mshonaji alidhani kuna mwanamume jikoni. Alisikia mguno mfupi, mzito, kama wa mtu anayesafisha koo kabla ya kusema jambo. Aligeuka. Jikoni hakukuwa na mtu. Birika lilikuwa palepale, kitambaa cha kufutia vyombo hakikutikisika.

Mama mkwe alikuwa ameinua kichwa. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Umesikia?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nimesikia kitu, mama."

"Si kitu. Ni yeye. Alikuwa hapigi hodi nyumbani kwake. Akifika mlangoni anaguna hivyo, nami najua nimwekee chai."

Papo hapo mlango wa chumba cha kulala ulifunguka. Ulifunguka polepole, bila upepo, bila mkono, ukasimama wazi nusu. Bawaba zililia kidogo, kisha kimya.

"Karibu," mama mkwe aliuambia mlango. Akaenda jikoni, akamimina chai, akaiweka mbele ya kiti cha marehemu.

Jioni ile mshonaji aliufunga mlango kwa nguvu mpaka kitasa kikalia. Jioni iliyofuata ukafunguka tena. Alianza kufanya kazi akiwa ameupa mgongo ukuta wa nje, ili nyuma yake pasiwe na mlango wowote.

Ajabu ni kwamba mama mkwe alipata nafuu. Alianza kula. Alisuka nywele. Adhuhuri alikuwa akiimba kidogo, na saa za jioni zilipokaribia alibadilisha nguo, kama anayengoja mgeni. Mshonaji alimwona akinenepa. Alitamani kumwita mtu aje kuiangalia nyumba. Kila alipotaka kufungua mdomo, aliuona uso ule wa mama, akajizuia. Aliogopa kinachokuja. Vilevile aliogopa kumnyang'anya mama faraja yake.

Dereva aliporudi kutoka safari, mkewe alimpeleka pembeni akamweleza yote. Dereva alisikiliza huku akivua viatu.

"Upepo huo, mama watoto," alisema. "Ukuta haupo, hewa inapita."

"Upepo unachora mstari?"

Dereva aliinua macho. Ndipo wote wawili walipouona ufa. Ulianzia kwenye kona ya uwazi, pale ukuta ulipokatwa, ukapanda kwa mshazari hadi darini. Ulikuwa mwembamba kama uzi mweusi ulioshonwa kwenye chokaa.

Haraka aliitwa. Alikuja na plasta kwenye ndoo, akaufunika ufa, akausugua mpaka ukuta ukawa laini. "Nyumba inakaa sawa tu," alisema. "Ni kawaida baada ya kazi." Dereva akaondoka na lori lake akiwa ametulia.

Ufa ulirudi. Ulitokea katikati ya plasta mpya, palepale, ila safari hii ulikuwa mpana zaidi. Mshonaji aliweza kuingiza ukucha. Alipouweka mkono juu ya ukuta, alihisi kitu kama mtetemo mdogo sana, kama wa mnyama anayepumua usingizini. Aliondoa mkono upesi.

Siku hiyohiyo muuguzi wa juu alibisha hodi. Alikuwa bado na sare ya kazi, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Jirani, utaniona kama nimechanganyikiwa," alisema. "Binti zangu hawataki tena kucheza sebuleni. Wanasema kuna mtu chini ya sakafu anavuta mpira."

"Anavutaje?"

"Wakiuweka popote, unakwenda wenyewe upande wa jiko, hadi ukutani, halafu unasimama hapo. Nami nilidhani ni mchezo wa watoto. Leo nimemwaga maji nikipiga deki. Maji yote yamekwenda palepale mpira unapokwenda. Yamekaa kama kidimbwi." Akatazama dari ya mshonaji. "Hapo ukutani, ukishuka chini, ni hapa. Ni juu ya meza yako."

Wanawake hao wawili walisimama wakitazama juu. Vumbi kidogo lilidondoka kati yao, likatua mezani bila sauti.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kona. "Muacheni," alisema. "Hana ubaya na mtu."

Muuguzi alimtazama mshonaji, mshonaji akatazama chini. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kubishana na mjane.

Kesho yake alikuja mteja. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye kofia ngumu ya manjano kwapani, maana alikuwa mhandisi wa majengo na alitokea kazini. Alitaka suruali mbili za kazi zipunguzwe. Mshonaji alimpandisha kwenye kigoda, akapiga magoti, akaanza kukunja pindo na kuchomeka pini.

"Simama wima, dada. Ukiinama, mguu mmoja utakuwa mfupi na watu watasema mshonaji alikuwa usingizini."

Mhandisi alicheka. Kisha kicheko kikakatika. Mshonaji aliinua kichwa. Mhandisi alikuwa akitazama juu. Macho yake yalitembea kutoka kwenye ufa hadi darini, kutoka darini hadi mlango wa chumba, kisha yakarudi mahali ukuta ulipokuwa.

"Hapa palikuwa na ukuta," alisema.

"Ulikuwapo. Tuliuvunja tupate mwanga."

"Ulikuwa mnene?"

"Mnene. Fundi alisema walijenga ngome."

"Na juu yenu, kwa jirani, sehemu hiihii kuna ukuta?"

Mshonaji alifikiri. Alikuwa ameingia kwa muuguzi mara nyingi. "Upo. Kati ya sebule yake na jiko. Na kwa wazee wa juu pia upo."

Mhandisi alishuka kwenye kigoda taratibu, pini zikining'inia kwenye suruali. Hakuonekana kuzihisi. Alivuta kipande cha mbao cha kupigia pasi, akapanda juu ya meza, akakiegemeza darini kutoka upande mmoja hadi mwingine. Katikati, mbao iligusa dari. Pembeni palikuwa na nafasi ya kupitisha kiganja.

"Dada mshonaji," alisema, na sauti yake ilikuwa tulivu mno. "Nikuulize jambo la kazi yako. Koti ukilitoa mfuko, linakuwaje?"

"Linabaki koti, ila halina mfuko."

"Ukikata mshono wa bega?"

"Linaanguka lote. Bega ndilo linalolibeba."

"Basi kuna kuta ambazo ni mifuko, na kuna kuta ambazo ni mabega. Mlioutoa hapa ni bega. Ulikuwa umebeba dari yako, na ukuta wa muuguzi, na ukuta wa wazee, na paa. Sasa uzito wote huo unaning'inia. Dari imeanza kushuka."

Mshonaji aligeukia meza. "Mstari wa vumbi?"

"Zege linapasuka pale lilipokuwa limelala juu ya ukuta. Linamwaga unga."

"Na mlango unaofunguka?"

"Dari ikishuka, fremu inapinda. Ulimi wa kitasa haufiki tena kwenye tundu lake, kwa hiyo mlango haushiki."

"Mbona kila jioni?"

"Mchana zege linatanuka kwa jua. Jioni linapoa, linasinyaa. Tena ndiyo saa ambayo watu wa juu wanarudi nyumbani na uzito unaongezeka. Ndipo linapolia. Umesikia sauti?"

"Kama mtu anaguna."

"Ndiyo hiyo." Mhandisi alitazama dirishani. Jua lilikuwa limeshaanza kuondoka kwenye ukuta wa nje. "Nyufa ndogo za plasta, nyembamba kama unywele, mara nyingi hazina neno. Mtu anaweza kuzichora alama ya penseli kila mwisho, akaandika tarehe, akangoja aone kama zinatembea. Huu wa kwenu umeshatembea. Umerudi juu ya plasta, umepanda mshazari, milango imepinda, na dari imelegea. Hatungoji tena. Wote tutoke sasa hivi. Zima umeme kwenye swichi kuu, funga gesi. Usibebe vyombo."

Alitoka mbio kupanda ngazi, suruali yake ikiwa bado na pini, akabisha milango ya juu. Muuguzi alikuwa nyumbani. Hakuuliza mara mbili. Aliwatuma binti zake nje, kisha yeye na mhandisi wakaanza kuwashusha wazee wa juu, hatua kwa hatua, kila mmoja kamshika mzee mmoja kiunoni.

Mshonaji alizima umeme. Alifunga gesi. Akarudi sebuleni kumchukua mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa ameketi karibu na kiti cha marehemu. Chai ilikuwa tayari.

"Mama, tutoke. Umesikia alichosema mhandisi."

"Nimesikia. Nendeni ninyi."

"Dari inashuka, mama."

"Mwanangu, mimi nilimwacha peke yake hospitali. Walisema nenda ukalale, nikaenda. Niliporudi alikuwa ameshaondoka." Alishika mkono wa kiti. "Safari hii siondoki. Akija akute nyumba tupu?"

Juu yao kukasikika ule mguno. Safari hii haukuwa mfupi. Ulivutika, ukapita kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, na vumbi likamwagika mezani kama mtu anachekecha unga. Mlango wa chumba ukafunguka wote, ukagonga ukuta. Mama mkwe akatabasamu.

Mshonaji aliona jinsi ambavyo angeweza kumdanganya. Angeweza kusema, baba yuko nje, anakuita. Neno lilifika ulimini. Lakini hakutaka kumtoa mama kwa uongo ambao angeugundua uani, mbele ya watu, huku akimtafuta mumewe kwa macho. Akavuta kigoda, akaketi karibu naye, magoti yakigusana.

"Mama, sijui kama ni yeye au siye," alisema. "Ninachojua ni kwamba siwezi kutoka nikakuacha. Ukikaa, nakaa. Wajukuu zako wako shuleni, watakuja kuambiwa."

Mikono ya mshonaji ilikuwa ikitetemeka, ameibana kati ya magoti ili isionekane. Mama mkwe aliiona.

"Unaogopa," alisema.

"Naogopa sana, mama."

Mama mkwe alikisogeza kikombe cha chai kando, akaegemea bega la mkwewe, akasimama. Kabla ya kuvuka kizingiti aligeuka mara moja, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayekwenda dukani, "Ninakwenda na huyu mtoto." Kisha wakatoka.

Walikuwa wamefika kwenye lango, pamoja na majirani wote, pale kishindo kiliposikika. Hakikuwa kikubwa kama walivyotarajia. Kilikuwa kizito na kifupi. Wingu la vumbi lilitoka kwenye dirisha la jikoni, likaning'inia hewani, likatawanyika.

Jengo lilisimama. Baadaye wazima moto walipomulika ndani kwa tochi kutoka dirishani, waliona kipande cha zege, kikubwa kama godoro la mtoto, kimelala juu ya meza. Cherehani ilikuwa imevunjika vipande viwili. Kigoda hakikuonekana.

Muuguzi aliwakumbatia binti zake. Mshonaji alikaa chini palepale kwenye vumbi la njia.

Siku zilizofuata zilikuwa za usumbufu. Watu wa jengo walitawanyika kwa ndugu na marafiki. Ofisi ya serikali ya mtaa ilileta mkaguzi, akabandika karatasi ya kukataza mtu kuingia. Mafundi waliofunzwa kazi hiyo waliingiza vyuma vya kuegemeza dari, wakavikaza kimoja baada ya kingine, taratibu, nyumba ya chini na ya katikati. Mhandisi alisimamia yote.

Dereva alirudi kutoka safari akakuta mkewe na mama yake wanaishi kwa dada yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye jengo. Akamkuta Haraka amesimama nje ya lango, kofia mkononi.

"Nimekuja kusaidia kubeba," Haraka alisema. "Nitabeba chochote."

Dereva alikuwa amekuja na maneno makali. Aliyameza. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema tuuvunje.

Mhandisi aliwakusanya hapo uani, wenye nyumba, majirani na Haraka, akawaeleza kwa ufupi. Hakumlaumu mtu.

"Kugonga ukuta kwa ngumi hakukwambii unabeba nini," alisema. "Uliza kwanza. Juu yake kuna nini? Ukuta kama huo ukiwapo nyumba ya juu, mahali palepale, huenda unabeba. Ukiwa mnene kuliko wenzake, huenda unabeba. Boriti au dari ya zege ikiwa imeulalia, unabeba. Tafuta ramani ya jengo. Na hata ukidhani umejua, mwite mhandisi aje aone kabla nyundo haijainuliwa, kisha uombe kibali."

"Na mtu akitaka mwanga?" mshonaji aliuliza.

"Atapata. Ukuta unaobeba unaweza kufunguliwa, ila unautafutia mbebaji mwingine kwanza. Unaegemeza dari, unaweka boriti ya chuma, na boriti unaikalisha juu ya nguzo zilizoshuka hadi kwenye msingi. Ndipo unavunja. Ninyi mlivunja kwanza."

Haraka aliinua mkono kama mwanafunzi. "Nilipofika juu nilikuta zege limekaa palepale juu ya tofali la mwisho. Limelala kabisa. Nililiona."

"Siku nyingine ukiliona?"

"Naweka tindo chini."

Ndivyo ilivyofanyika. Nguzo mbili zilipanda kutoka kwenye msingi, boriti ya chuma ikapandishwa, ikakazwa, na zege lililopasuka likatengenezwa. Fremu za milango zilinyooshwa. Kazi ilichukua muda, na dereva alilazimika kusubiri kununua matairi mapya ya lori. Mwishowe mkaguzi alikuja tena, akapima, akabandua karatasi yake.

Walirudi nyumbani siku moja ya mapumziko. Mama mkwe aliingia wa mwisho. Alikwenda kwenye kiti cha marehemu, ambacho kilikuwa kimepona, akaketi pembeni yake kama zamani. Mhandisi alikuwepo, amekuja kuiangalia kazi kwa mara ya mwisho.

"Mwanangu," mama mkwe alimwambia, "nikuulize. Basi hakuwa yeye?"

Mhandisi aliketi karibu naye. "Mama, habari za marehemu sizijui. Habari za ukuta ninazijua. Sauti ilikuwa ya ukuta."

Mama mkwe aliitikia kwa kichwa. Jua lilipoa. Majirani walirudi kutoka matembezini, vitasa vikagonga, maji yakasikika kwenye mabomba. Mlango wa chumba ulikaa umefungwa. Dari ilikaa kimya. Mama mkwe alingoja, akangoja, mkono wake uko juu ya kiti.

Kisha akalia. Alilia kwa sauti, kama mtu aliyeambiwa msiba siku ile. Ndiyo mara ya kwanza tangu mazishi. Dereva alitaka kumnyamazisha, mshonaji akamzuia kwa macho. Walikaa naye pande zote mbili mpaka alipochoka, naye akalala usingizi mzito hadi asubuhi.

Baada ya hapo alikuwa mtu mwingine. Alikula, na safari hii hakuwa anamngojea yeyote. Alikumbuka mambo ya mumewe, akayasimulia, mengine ya kuchekesha sana. Mshonaji alinunua cherehani nyingine ya mitumba, na siku ya kwanza alipoijaribu, mama mkwe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta nguo, gauni la kupunguza mikono.

Asubuhi moja, wakiwa katikati ya kazi hiyo, walisikia nyundo. Ilitoka kwenye jengo la ng'ambo ya barabara, ghorofa ya chini. Iligonga, ikapumzika, ikagonga tena.

Mshonaji alisimamisha cherehani. Mama mkwe alikuwa ameshasimama. Alivaa kandambili zake, akavuka barabara akiwa amevaa gauni hilo lenye mkono mmoja tu, akabisha hodi. Mlango ulifunguliwa na mwanamke kijana, nywele zake zimejaa vumbi. Nyuma yake fundi alikuwa ameinua nyundo.

"Shikamoo, bibi," mwanamke alisema. "Tunakusumbua kwa kelele?"

"Marahaba. Kelele hazina neno, mjukuu wangu," mama mkwe alisema. "Ninataka kujua jambo moja. Juu ya ukuta huo kumekaa nini?"

Mwanamke alimtazama fundi. Fundi akatazama juu.

"Hatujui," mwanamke alisema.

"Basi mwambie aiweke nyundo chini," alisema mama mkwe, akimshika mkono, "tupande wote tukaangalie."